Mume kashikwa na DWI Texas, ana grinkadi na anaendesha traki: aplidi yaishe au asiplidi?

Mimi ni wakili, na dada mmoja kaniandikia kutoka Fort Worth, Texas. Jina nimelitoa, stori yenyewe kwa kifupi ni hii. Mumewe ni Mkongo aliyekulia kambi ya Nyarugusu kule Kigoma, wamekuja Marekani kama wakimbizi, ana grinkadi na anaendesha traki masafa marefu. Usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili alikuwa anatoka harusini na gari yao ya nyumbani, polisi wakamsimamisha kwenye saa saba kasoro usiku ati kabadili leni bila indiketa, wakamtembeza kwenye mstari, wakamkamata kwa DWI, yaani kuendesha umelewa, akakataa kupuliza mashine, polisi wakatafuta waranti ya jaji na saa tisa na kitu usiku akatolewa damu. Katoka kwa bondi, yaani dhamana. Anauliza: "Wenzake wa traki wanamwambia aplidi tu gilti, ni kesi ndogo, atapewa probesheni yaishe arudi barabarani. Wakili tuliyempigia anataka hela nyingi sana. Kweli kuna haja?"

Dada yangu, umeniandikia Ijumaa, manake siku tano zishakatika na zimebaki kumi. Hapo ndo naanzia, hela na mambo ya kuplidi gilti, yaani kukubali kosa mahakamani, tutayafikia. Siku aliyokamatwa shemeji polisi alimnyang'anya leseni akampa karatasi, na watu wengi wanaichukulia kama risiti, wanaikunja wanaitia kwenye droo pamoja na bili za umeme. Ile karatasi ni notisi. Inasema leseni yako inafungiwa na una siku 15 tangu ulipopewa notisi kuomba usikilizwe, usipoomba basi siku ya 40 leseni inafungwa yenyewe bila mtu kukupigia simu wala kukuandikia. Kwa hesabu yako siku zinaisha Jumatatu, siyo hii inayokuja, ile ya pili yake. Itafute hiyo karatasi leo hii usiku huu.

Kitu ambacho wenzake wa traki hawajui, au wanajua ila hawakumwambia, ni kwamba shemeji ana kesi mbili, siyo moja. Moja iko mahakamani, hiyo ya DWI, ya jinai. Nyingine ni ya leseni, inaitwa ALR, ni ya idara ya usalama ya jimbo, DPS, na inasikilizwa na jaji mwingine kabisa wa mambo ya utawala. Unaweza kushinda hii ukapoteza ile. Kwa dereva wa kawaida aliyekataa kupuliza mara ya kwanza adhabu ni leseni kufungwa siku 180, inauma lakini unaweza kuomba leseni ya muda ya kwendea kazini. Kwa mwenye leseni ya traki, ile CDL, hali ni nyingine kabisa. Sheria ya serikali kuu inasema ukikataa kipimo unafungiwa CDL mwaka mzima, na haijali kama siku hiyo ulikuwa kwenye gari ya nyumbani umevaa suti na traki yako imelala yadi. Leseni ya muda haikuruhusu kugusa traki hata siku moja. Ukirudia tena ni maisha.

Kwa hiyo mtu anaweza kukaa nyumbani anangoja tarehe ya mahakama, anaomba Mungu, anajisifu kwamba hajaplidi, kumbe siku 15 zimepita na kazi ishakwenda. Nimeona hivo mara nyingi mpaka nikipigiwa simu swali langu la kwanza siyo "ulikunywa ngapi", ni "ulishikwa lini". (Ya ulikunywa ngapi jibu nalijua, kila mtu alikunywa bia mbili. Shemeji angalau kasema tatu.)

Na kuomba kusikilizwa kuna faida nyingine hata kama mwisho tutashindwa. Wakili anaweza kumwita yule polisi kwa samansi, aje aape, aulizwe maswali kabla hata prosekyuta, yaani mwendesha mashtaka, hajamkalisha kumpanga. Kwa nini ulimsimamisha? Uliona nini? Indiketa, haya, alikuwa mita ngapi na gari ya mbele? Majibu yote yanaandikwa. Miezi minane baadaye mahakamani akija na stori iliyonyooka zaidi tunamsomea maneno yake mwenyewe.

Halafu sisi tuliozoea vizuizi vya polisi na alkoblo kule Kenya, pale mnasimama foleni mmoja mmoja mnapuliza, tunadhani huku ni vile vile. Texas hakuna vizuizi vya kupima ulevi. Lazima polisi awe na sababu ya kukusimamisha wewe, na sababu hiyo aweze kuieleza. Akishindwa kuieleza, sheria ya Texas inasema ushahidi uliopatikana kwa kuvunja sheria unawekwa pembeni, na pembeni hapo ni pamoja na damu.

Sasa hiyo ya kuplidi gilti yaishe. DWI ya kwanza Texas kwenye karatasi ni jela kuanzia saa 72 hadi siku 180 na faini mpaka dola 2,000. Kiasi cha pombe kwenye damu kikirudi 0.15 au zaidi kesi inapanda daraja, mpaka mwaka mmoja na dola 4,000. Wenzake wanaposema ni kesi ndogo wanatazama hapo, na ni kweli wengi wa mara ya kwanza wanapewa probesheni, yaani adhabu ya kukaa nje ya jela kwa masharti. Ila ukipatikana na hatia kuna faini nyingine ya jimbo juu ya hiyo, dola 3,000, na kama ni 0.15 kwenda juu ni 6,000, hiyo mara nyingi mtu anaijua siku ya kulipa. Na hatia yenyewe inafungia CDL mwaka mmoja, mbali na habari ya kukataa kupuliza. Bosi wake pia lazima aambiwe, hatia ya namna hiyo dereva wa traki ana siku 30 kuripoti kwa mwajiri, na leseni ikifungwa anatakiwa aseme kabla ya mwisho wa siku ya kazi inayofuata. Sasa huyo mwenzake anayemwambia aplidi arudi barabarani, anarudi barabarani na nini?

Kuna watu watakwambia Texas siku hizi wa mara ya kwanza anaweza kupewa ile difadi, yaani unakubali kosa, jaji anaahirisha hukumu, ukimaliza vizuri hakuna hatia. Ni kweli, tangu Septemba 2019, kwa aliyepimwa chini ya 0.15. Ila sheria hiyo hiyo inamtoa mwenye CDL. Hapati. Serikali kuu imekataza majimbo kufichaficha makosa ya madereva wa traki, na ndo maana hata zile programu za kaunti za kumaliza kesi pembeni mara nyingi mwenye CDL anaambiwa samahani.

Na hata angekuwa siyo dereva, hiyo difadi kwa mtu asiye raia ni mtego. Mahakama ya Texas inasema hakuna hatia, uhamiaji wanasema ulikubali kosa na ukapewa masharti, kwetu hiyo ni hatia. Wanatumia maana yao wenyewe iliyoandikwa kwenye sheria ya uhamiaji. Kwa hiyo mtu anajaza fomu anaandika "sijawahi kupatikana na hatia" kwa moyo mweupe kabisa, kumbe kwa macho ya aliyekaa upande wa pili wa meza kashadanganya.

Tuingie hapo kwenye uhamiaji manake najua ndo kinachokunyima usingizi. DWI moja ya kawaida, hakuna aliyeumia, hakuna mtoto garini, hakuna dawa za kulevya, peke yake haimfukuzishi mtu mwenye grinkadi. Mahakama Kuu ya Marekani ilishasema mwaka 2004 kwenye kesi ya Leocal, mtu wa Haiti aliyeendesha kalewa akaumiza watu, kwamba kosa la aina ile siyo uhalifu wa nguvu unaomtoa mtu nchini. Kwa hiyo pumua kidogo. Kinachoumia ni uraia. Nyinyi mlikuja kama wakimbizi, miaka yenu mitano inahesabiwa tangu siku mliyotua, siyo siku grinkadi ilipofika kwenye posta, kwa hiyo nadhani shemeji yuko karibu kuomba au kashaanza kujaza. Asubiri. Mtu akiwa kwenye probesheni hapewi uraia mpaka imalizike. Na ndani ya ile miaka wanapima tabia njema, DWI moja wanaweza kuivumilia ukijieleza, mbili tangu 2019 kuna uamuzi wa Mwanasheria Mkuu unaosema dhana inaanza kwamba huna tabia njema na kazi ya kuipindua ni yako. Kukamatwa kwenyewe lazima akutaje kwenye fomu hata kesi ikifutwa. Wengi wanaona aibu wanaruka lile swali, na mimi nakwambia lile kosa la kuruka swali limewagharimu watu kuliko pombe yenyewe.

Wale wenye viza ya masomo au kazi wanaosoma hapa, kwenu ni kali zaidi. Ubalozi unaweza kufuta viza kwa kukamatwa tu, kabla hata kesi haijasikilizwa. Usisafiri kwenda kusalimia mama ukadhani utarudi kama ulivyotoka. Na nyinyi wa miraa, msinichukie, huku Marekani ile kemikali ya kathinoni iliyo kwenye majani mabichi iko kundi moja na heroini kwa sheria ya serikali kuu, DWI ndogo ikikutwa na kifungu cha miraa kwenye kiti cha nyuma inageuka kesi ya dawa, na kesi ya dawa uhamiaji hawana utani nayo.

Kwa hiyo wakili wa jinai anayekwambia "mambo ya uhamiaji mimi sijui, kamuulize mwingine baadaye", muage. Tangu kesi ya Padilla ya 2010 wakili ana wajibu wa kumwambia mteja asiye raia madhara ya uhamiaji kabla hajaplidi. Hata yule anayelipwa na serikali ana wajibu huo huo.

Sasa ulichouliza, kwani wakili atafanya nini cha maana wakati damu imeshatolewa? Hapa ndo kazi yangu ilipo na hapa nitakaa kidogo.

Sheria ya Texas ina njia mbili za kusema mtu kalewa: kapoteza uwezo wake wa kawaida wa akili au mwili, au damu yake ni 0.08 kwenda juu. Ya kwanza wanaithibitisha kwa video na yale mazoezi ya barabarani. Kuna matatu ya kiwango: kalamu inapitishwa mbele ya macho, kutembea hatua tisa kisigino kinagusa kidole ugeuke urudi tisa, na kusimama mguu mmoja sekunde 30. Lile la kutembea lina dalili nane wanazotafuta, ukionyesha mbili tu umefeli. Mbili! Na moja ya hizo nane ni kuanza kabla hujaambiwa anza. Fikiria mtu ambaye Kiingereza chake ni cha bandarini na cha kushusha mzigo, saa saba usiku, taa za bluu na nyekundu zinampiga usoni, polisi anaongea haraka huku anamwonyesha kwa miguu namna ya kufanya, yeye anadhani anaambiwa fanya hivi, anaanza. Dalili ya kwanza hiyo. Anainua mikono kujishikilia, ya pili. Pombe hapo iko wapi? Maelekezo ya polisi wenyewe yanataka sehemu kavu, ngumu, tambarare, isiyoteleza. Umesema walikuwa pembeni ya barabara kwenye kokoto. Na shemeji alikuwa na viatu vya harusi.

Hivo video ndo naitaka kabla ya kitu chochote. Ya kwenye gari ya polisi na ya kifuani mwake.

Kuna kitu kingine naomba umuulize shemeji: je, polisi alimuuliza saa ngapi sasa hivi bila kutazama saa, au alikunywa ya mwisho saa ngapi? Niliwahi kuwa na mteja wa kwetu pwani, kaulizwa kwenye video "sasa hivi unadhani ni saa ngapi", akajibu kwa Kiingereza "seven". Ilikuwa saa saba usiku! Kajibu sawasawa kabisa, kakosea dakika chache tu. Ripoti ya polisi ikaandika mtuhumiwa hajui hata ni usiku au asubuhi. Bia ya mwisho alikunywa saa nne, kamwambia "four". Prosekyuta alikuwa tayari amejenga hesabu nzima juu ya hiyo "four". Nilimwomba aje ofisini, nikachora saa mbili kwenye karatasi, moja yao moja yetu, akakaa kimya muda mrefu akasema hajawahi kusikia kitu kama hicho. Sisi tunakua nacho hatukioni.

Mkalimani pia. Texas ukiwa huelewi Kiingereza mahakama lazima ikupe mkalimani, shemeji asione aibu kuomba ati kwa sababu anajua kuagiza kahawa. Ila Kiswahili ni kipi? Kuna kesi ya mtu wa Bukavu, alisema "nilitosha gari pale kwa parkingi", na Mkongo akisema kutosha ni kutoa, anatoa gari. Mkalimani alikuwa mtu wa Tanzania, kidogo amwambie jaji kwamba mtuhumiwa anasema yeye kwenye gari alishatosheka. Nilisimama juu haraka siku hiyo. Shemeji kakulia Kigoma kwa hiyo labda anachanganya vyote viwili, mwambieni wakili mapema.

Damu sasa. Watu wanaiogopa kwa kuwa ni maabara, ni namba. Namba ina njia iliyopitia. Ile waranti, polisi aliandika nini kwenye kiapo cha kumshawishi jaji? Tangu kesi ya McNeely 2013 hawawezi kuchukua damu hivihivi kwa sababu tu pombe inayeyuka mwilini, kwa hiyo kile kiapo ndo msingi wa nyumba. Kile kichupa chenye kifuniko cha kijivu kina unga ndani, mmoja wa kuzuia damu isichache na mwingine isigande, kilikuwa hakijapita tarehe? Kilijaa vizuri? Kilitikiswa? Kilikaa wapi kuanzia saa tisa usiku mpaka kufika kwenye friji, nani kasaini? Nani kamchoma, na kampangusa na nini? Na tunaweza kuomba kile kichupa kipimwe tena kwingine.

Alafu muda. Kasimamishwa saa saba kasoro, damu imetoka saa tisa na kitu. Swali la mahakama ni alikuwaje akiwa anaendesha. Pombe inachukua muda kuingia kwenye damu, hasa kama kala pilau la harusi, inaweza kuendelea kupanda hata saa moja na zaidi baada ya glasi ya mwisho. Kurudisha namba nyuma mpaka saa aliyokuwa anaendesha kunataka uzito wake, alikula nini, alianza lini, alimaliza lini, na Texas tangu kesi ya Mata mwaka 2001 mahakama zinamtaka mtaalamu wa serikali aonyeshe anayajua hayo. Mara nyingi hayajui. Namba ikiwa 0.19 sitakudanganya, hoja hii inakonda. Ikiwa 0.09 inanenepa sana.

Kesi nyingi haziishii kwa mjuri, wale raia wanaoketi kuamua kesi, hata hivo. Prosekyuta akiona shimo, kwenye kokoto, kwenye indiketa, kwenye kichupa, anaweza kukubali kosa lingine badala ya DWI, Texas la kawaida ni kuzuia barabara. Bado ni kosa, bado lina faini, lakini halina lile jina. Hilo hupewi kwa kuomba kwa adabu siku ya kwanza, unapewa kwa kuwa umeonyesha uko tayari kusimama.

Hela. Najua. Kama kweli hamna, ombeni wakili wa serikali siku ya kwanza mahakamani, ni haki yake na wengine ni wazuri kuliko sisi wa kulipwa, ila kesi ya leseni ya ALR yeye hatafanya, hiyo ni ya kiutawala. Kwa hiyo angalau mlipeni mtu kwa hiyo, au maombi yenyewe ya kusikilizwa tumeni wenyewe kabla siku hazijaisha. Kama mnalipa, muulizeni huyo wakili: ALR imo kwenye bei? Wewe mwenyewe ndo utasimama au utamtuma kijana? Umesomea yale mazoezi ya barabarani, lile kozi wanalosoma polisi? Kesi ya DWI ya mwisho kuipeleka mpaka mjuri ilikuwa lini? Anayekwambia "nakuhakikishia itafutwa" fungeni mlango. Na yule kaka wa kanisani anayejaza fomu za watu kwa dola mia, mpendeni, msimpe hii.

Kingine, shemeji alipokuwa ndani alikupigia simu? Simu za jela zinarekodiwa, zote. Kiswahili siyo lugha ya siri dada yangu, wanatafuta mkalimani wanasikiliza, nimewahi kusomewa mahakamani "mke wangu nisamehe nilizidisha" ikiwa imetafsiriwa vizuri sana. Kwa hiyo kuanzia sasa hakuna kueleza ilivyokuwa kwenye grupu la WhatsApp la ukoo, na picha za harusi zenye glasi mkononi waombeni watu wasiziweke. Zilizokwishawekwa msiende kufutafuta bila kumuuliza wakili.

Watu huniuliza kama sioni vibaya kutetea walevi. Nimemzika binamu yangu aliyegongwa na mlevi, kwa hiyo sina utani na kuendesha umelewa. Ila kazi ya kuthibitisha ni ya serikali, na mtu asipoteze mkate wa watoto wanne kwa kokoto na neno "seven".

Jumatatu asubuhi mkienda kwa wakili yeyote mtakayemchagua bebeni ile karatasi ya notisi, karatasi za bondi, grinkadi, leseni ya traki na kadi ya daktari wake wa macho kama anayo, kwa ajili ya lile zoezi la kalamu. Na vile viatu vya harusi, usivioshe wala usivipige rangi, vije na kokoto zake kwenye soli.